Baiskeli Mbili

Leo tutazungumza juu ya Ridley Scott, aliyezaliwa South Shields, kaskazini-mashariki ya Uingereza, mwaka 1937. Kazi yake ni kuongoza sinema. Yaani, yeye ndiye aamuaye kamera isimame wapi, mchezaji afanye nini, na picha ipi ifuate ipi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipokuwa akisoma Royal College of Art mjini London, aliazima kamera ya chuo akatengeneza sinema fupi iitwayo Boy and Bicycle. Fedha zake zilikuwa pauni 65 tu. Kwa kuwa hakuweza kuajiri mchezaji, alimtumia mdogo wake, Tony, awe kijana anayetoroka shule na kuzurura kwa baiskeli. Sinema hiyo haifiki nusu saa.

Baadaye alifanya kazi BBC, kwanza kubuni mandhari ya michezo, kisha kuiongoza. Mwaka 1968 alianzisha kampuni ya kutengeneza matangazo ya biashara. Hapo wako watakaosema, "Ameacha sanaa, anafuata fedha." Haya, tuyapime maneno hayo.

Mwaka 1973 alitengeneza tangazo la mkate wa Hovis. Mtoto anasukuma baiskeli yenye kikapu cha mikate, anapanda kilima kikali kilichotandikwa mawe, kisha anateremka kwa furaha. Hadithi nzima haifiki dakika moja, na Waingereza wengi hawajaisahau hata leo. Mnaona? Ni mtoto na baiskeli tena! Alichojifunza kwa pauni 65 hakikupotea. Na tangazo nalo ni mwalimu: linamlazimisha mtu kusema mengi kwa muda mfupi, na kumaliza kazi kwa siku na fedha zilizopangwa.

Lakini mwanafunzi mzuri hutazama pande zote mbili. Watazamaji wengi walidhani kilima kile kiko kaskazini, penye miji ya viwanda. Kumbe kiko Shaftesbury, kusini! Muziki wa tarumbeta ndio uliowapeleka kaskazini kwa mawazo. Basi utazamapo tangazo lo lote, jiulize: Nimeambiwa nini juu ya mkate wenyewe? Na kilichonigusa moyo ni mkate, au ni kitu kingine?

Mwaka 1977 Bwana Scott alitoa sinema yake ndefu ya kwanza, The Duellists, ikapata tuzo ya kazi ya kwanza huko Cannes, Ufaransa. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 39. Mwaka 1979 ikafuata Alien, iliyomtangaza duniani. Hata hivyo hakuyadharau matangazo. Mwaka 1984 lilionyeshwa lile mashuhuri la kompyuta za Apple, alilolitengeneza yeye.

Ndugu zangu, baadhi yenu mmeniambia kwamba umri umewapita, na kwamba kazi mfanyazo ni ndogo mno. Haba na haba hujaza kibaba. Swali si ukubwa wa kazi. Swali ni kama leo umeifanya vizuri kuliko jana.

Zoezi la juma hili: andika maneno ya dakika moja ya kuuza kitu ukitengenezacho au ukilimacho, pasipo uongo hata mmoja. Kisha msomee jirani, umwulize kama angenunua.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.