Mkopo wa Nyumba Haufiki Kijijini

Wiki hii nimeona tuzungumzie mikopo ya nyumba, na hasa swali moja: je, mkulima wa kijijini ana sifa za kuipata? Nauliza nikiwa nimetoka Ngerengere, mkoani Morogoro, mahali ambapo tangu mwaka 2024 treni ya umeme husimama ikitoka Dar es Salaam. Stesheni ni ya kisasa kabisa. Lakini ukiiacha na kuingia vijijini utakuta nyumba za miti na udongo, na nyingine za matofali ya kuchoma zilizokomea kwenye lenta, hazina paa, majani yameota ukumbini.

Mama mmoja mwenye nyumba ya namna hiyo aliniambia, "Mwanangu, matofali nimefyatua mwenyewe. Nimekwama kwenye kenchi na bati tu." Nikamwuliza, "Mama, benki hukwenda?" Alikwenda. Akatakiwa kuonyesha hati ya kiwanja kilichopimwa na karatasi ya mshahara. Yeye huuza ufuta, mara moja kwa mwaka.

Zamani mkulima alau alitajwa. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilisimamia mfuko ulioitwa wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995, na mikopo isiyorejeshwa ilikuwa miongoni mwa maradhi yake. Mwaka 2008 ikatungwa sheria mpya ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 Benki ya Dunia ikaikopesha Serikali dola milioni 40 kwa kazi hiyo. Ikaundwa kampuni ya TMRC ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu, na chini ya Benki Kuu ukawekwa mfuko wa mikopo midogo ya nyumba kwa wenye kipato cha chini. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, fedha hizo hupitia kwa wakopeshaji, na mkopeshaji hutafuta mshahara na hati ya mjini.

Sheria yenyewe haimbagui mwanakijiji. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinasema kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na Serikali. Lakini tusiwaonee wenye mabenki. Mkopaji akishindwa kulipa, shamba lake litauzwa kwa nani? Mnunuzi asiye mkazi lazima akubaliwe na halmashauri ya kijiji. Mwenzi wa ndoa naye lazima awe ameridhia nyumba ya familia kuwekwa rehani. Tena huku kwa Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Mjomba akikataa, karani wa benki atafanya nini?

Vizuizi hivyo mimi sitaki viondolewe. Penye stesheni mpya wenye fedha hufika mapema, na mkulima aliyeweka rehani ekari zake kwa ajili ya bati anaweza kubaki na bati bila mahali pa kuliezekea.

Ninachokitaka ni mkopo unaofanana na ujenzi wa kijijini, ambao huenda kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho. Uwe mdogo, udhaminiwe na kikundi au SACCOS badala ya shamba, ulipwe baada ya mavuno, na Serikali ibebe sehemu ya hasara. Halmashauri zetu tayari hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni ya miradi ya kuzalisha, bati halimo. Kwa nini lisiwemo? Mazao yanayolowa ndani ya nyumba iliyovuja, je, si hasara ya uzalishaji?

Wakati tukisubiri jibu, mwenye hati ya kimila asiifiche sandukuni. Aende nayo kwa mkopeshaji, na akikataliwa aombe sababu kwa maandishi, kisha nakala aipeleke kwa diwani wake kabla baraza halijapitisha bajeti.