Jumba la Vigae vya Kijani

Jioni hii twende pamoja mpaka Ulaya, katika nchi ya Hungaria, kwenye mji mkuu wake, Budapest.

Katika karne ya 19 wajenzi wengi wa Ulaya walipenda kuiga majumba ya zamani. Huyu aliiga Wayunani, yule Waroma. Wengine waligeuza macho Mashariki. Katika mji huu sinagogi kubwa, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, ilifunguliwa mwaka 1859. Ina minara miwili yenye kuba, na nakshi zifananazo na zile za Waislamu wa Hispania ya kale.

Basi alikuwako mchoraji wa ramani za majumba, jina lake Ödön Lechner (1845–1914). Siku zile mfalme wa Hungaria ndiye aliyekuwa Kaisari wa Austria. Lechner alijiuliza: Sisi tuna lugha yetu, mbona hatuna namna yetu ya kujenga? Alijua kwamba wazee wao walikuja zamani kutoka Mashariki, wakipanda farasi. Akaona ni vema kutafuta huko. Akaenda London, akatazama kwa makini kazi za mafundi wa Mashariki zilizowekwa katika makumbusho.

Kisha yeye na mwenzake, Gyula Pártos, walijenga Makumbusho ya Sanaa za Mikono. Yalifunguliwa mwaka 1896, Wahungaria walipoadhimisha miaka 1,000 ya nchi yao. Paa lake lina vigae vya kijani na manjano, kutoka kiwanda cha Zsolnay katika mji wa Pécs. Ndani mna matao kama ya majumba ya Bara Hindi. Mapambo yake mengine ni maua, kama yale ambayo wanawake wa vijijini hutarizi katika nguo.

Watu wengine walilicheka jumba hilo. Tena wataalamu wanatuambia kwamba Kihungaria kina undugu na Kifini, wala si na lugha za Bara Hindi. Basi, kwa habari ya nasaba, Lechner alikosea. Lakini jumba si kosa. Mtu aweza kuazima uzi kwa jirani, na nguo akaifuma mwenyewe.

Sasa jadilianeni na mwalimu wenu:
1. Lechner alitafuta nini Mashariki?
2. Je, kitu cha kuazima chaweza kuwa chetu? Kwa njia gani?