Mkanda Mweusi Ni Hatua ya Mwanzo



Sisi wa Kasikeu, katika nchi ya Wakamba, twajua kwamba silaha ina ngazi zake. Wazee wetu walisifika kwa uta. Lakini mtoto aliyechunga mbuzi alianza na uta mdogo na mishale ya mti mtupu, akilenga ndege. Mshale wenye sumu haukuwa mchezo wa mtoto. Ulingoja mkono ukomae, na moyo pia.

Jambo hilo hilo twalikuta mbali sana, huko Japani. Mwaka 1882, mjini Tokyo, mwalimu Kano Jigoro alianzisha shule yake ya judo, mieleka ya Kijapani ambayo vijana wa Kenya nao hujifunza. Mwanafunzi mpya hufunga mkanda mweupe. Je, hufundishwa nini kwanza? Si kumwangusha mwenzake. Hufundishwa kuanguka: akunje kidevu kifuani ili kichwa kisipige chini, apige mkeka kwa mkono, kisha ainuke. Huanguka mara nyingi, na taratibu hupanda daraja hata afikie mkanda mweusi. Watu wa nje hudhani huyo amemaliza. Wenyewe daraja hiyo huiita shodani, yaani hatua ya mwanzo.

Ndugu, tujipime. Katika Waebrania sura ya 5, mwandishi anawasikitikia Wakristo ambao kwa wakati ule wangekuwa waalimu, lakini bado walitaka maziwa. Mtu mzima katika imani, atufundisha, ni yule aliyejizoeza hata akajua kutenga lililo jema na lililo baya.

Nasi je? Kijana akisha kuwekewa mikono na Baba Askofu katika Kipaimara, twapiga picha, twala pilau, twadhani amefika. Jumapili zifuatazo mahali pake ni patupu. Tulimfunga mkanda mweusi, tukamwacha aamini kwamba ndio mwisho.

Tena liko kosa kubwa zaidi. Tulimfundisha Katekisimu, hatukumfundisha kuanguka. Siku moja akaonekana amelewa sokoni, nasi tukamsengenya hata mlangoni pa kanisa. Kwa aibu hakurudi. Mithali 24 yatuambia kwamba mwenye haki aweza kuanguka mara saba, naye huinuka. Lakini ni nani kati yetu aliyemwonyesha jinsi ya kuinuka: kutubu bila kujificha, kumrudia Mungu siku ile ile, na kushika mkono wa ndugu? Petro alimkana Bwana wake kando ya moto wa makaa. Bwana hakumtupa. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo zake.

Basi juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyeanguka, aende nyumbani kwake. Tusimpelekee mahubiri. Tuketi naye, tumwambie kwamba sisi nasi tumewahi kuanguka, na Jumapili tumpitie tuje naye.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe sisi tuliojiona tumefika. Utufundishe kuinuka, na kuwainua wenzetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.