Kitenzi "Run" Mikononi mwa Mfasiri



Niliwahi kupitia rasimu iliyosema mama mmoja "anaikimbia kampuni". Kiingereza chake kilikuwa "she runs a company". Mfasiri alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, na mwenye kampuni akageuka mtoro. Ndiyo sababu nimekileta kitenzi hiki mbele yenu.

Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set". Kazi ya toleo jipya ilipofika herufi R, "run" kikakipita. Mhariri Peter Gilliver alikaa nacho zaidi ya miezi tisa, na maana zikafika 645. Asili yake ni mwendo wa miguu na mtiririko wa maji. Zilipokuja mashine, Waingereza hawakuunda kitenzi kipya: treni, saa, kiwanda, na siku hizi programu ya kompyuta, vyote vika-"run".

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kwetu mto unatiririka, injini inanguruma, basi linafanya safari, rangi ya kanga inachuja, mtoto anatokwa na makamasi, sukari inatuishia. Kiingereza kinaweza kuyabeba yote hayo kwa neno hilo moja. Hivyo mfasiri aanze kwa kukitazama kiima: ni nani, au ni nini, kina-"run"? Kisha atazame kama kuna yambwa, kwani hapo ndipo kukimbia hugeuka kuendesha. Kitenzi chetu "piga" huutegemea zaidi upande wa yambwa: pasi, simu, kura, mswaki, hodi, magoti. Hakuna Mwingereza makini atakayeandika kwamba tunaichapa pasi makofi. Nasi tukipe "run" heshima hiyohiyo.

Siasa ina mfano ninaoupenda sana. Mmarekani anayetaka urais "runs". Mwingereza anayetaka ubunge "stands". Mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na shughuli ni ileile. Sisi tunasema anagombea, neno lenye ugomvi ndani yake, na hatuna haja ya kuazima mbio wala kusimama kwao.

Lugha ya mitaani ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa kamusi ndogo huiacha. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani, kati ya 1920 na 1933, waliovusha ramu kwa mashua waliitwa "rum-runners". Hao ni wavushaji wa magendo, si wanariadha. Anayeambiwa "ana-run" mdomo anaropoka. Uingereza, mtu akila mgahawani akatoweka bila kulipa, husemwa "amefanya runner". Hapa Kiswahili kina utajiri wake: ameingia mitini, amekula kona. Mfasiri anayeandika "alikimbia bila kulipa" ameeleza tukio, lakini ladha ya mtaani ameiacha nyuma.

Tusisahau pia Kiingereza chetu wenyewe. Mgonjwa wa Afrika Mashariki akisema ana "running stomach", daktari mgeni anaweza kutatizika. Muuguzi wa hapa anaandika mara moja kuwa anaharisha.

Pendekezo langu kwa watunga kamusi ni kwamba kidahizo "run" kisianze na orodha ya visawe. Kipangwe kwa viima: mtu, maji, mashine, ugonjwa, fedha, muda. Chini ya kila kimoja iwekwe sentensi nzima ya Kiswahili, ili anayetafuta habari za nyumba yenye "running water" akute moja kwa moja maji ya bomba.