"Tutawalipa wote": nani, pesa ngapi, kwa ushahidi gani? UZI

Wadau, haya ndiyo maneno niliyosema Ijumaa kwenye mdahalo wetu wa wanafunzi wa siasa. Wengi mliniomba niyaweke hapa, kwa hivyo nimeyakata vipande tu. Simtaji mwanasiasa yeyote wala chama. Twende.

1/ Wenzangu, kuna ahadi inayopendwa sana jukwaani: "Wote waliotapeliwa kwa sarafu za kidijitali watalipwa!" Watu wanapiga makofi. Hata mimi ningepiga, maana shangazi yangu ni mmoja wao. Lakini hebu tuliangalie hilo neno "wote".

2/ Shangazi alituma shilingi 100,000 kwa M-Pesa, kidogo kidogo, kwa "ejenti" wa kikundi cha WhatsApp. Mwanzoni alifanikiwa kutoa 40,000, na hapo ndipo aliamini kabisa. Siku programu ilipofungwa, skrini yake ilionyesha 700,000. Sasa niambieni, anadai ngapi?

3/ Yeye anasema 700,000. Namwelewa, ndiyo pesa aliyoiona kwa macho yake. Lakini ile faida haikuwahi kuwepo. Tapeli aliandika tu nambari. Hasara yake halisi ni alichoweka, toa alichopokea: 60,000.

4/ Hii si hesabu yangu. Utapeli wa Bernard Madoff ulipofichuka Marekani mwaka 2008, karatasi za wateja zilionyesha karibu dola bilioni 65. Pesa halisi iliyopotea ilikuwa chini ya bilioni 20. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ilikubali hesabu ya ulichoweka toa ulichotoa. Haikuwa kripto, lakini mchezo ni ule ule.

5/ Sasa kuna jirani. Aliweka 50,000, akatoa 120,000, kisha akaacha salio kwa skrini. Naye anajiita mwathiriwa. Ukweli ni kwamba zile 70,000 za ziada ni pesa za kina shangazi. Ukilipa kwa kufuata skrini, unamwongezea aliyefaidika kwa kumnyima aliyeumia. Je, mheshimiwa atathubutu kumwambia jirani kwamba dai lake ni sufuri? Huyo naye ana kura.

6/ Kuna suala la tarehe. FTX ilipoanguka Novemba 2022, madai yalihesabiwa kwa bei ya siku hizo, bitcoin moja karibu dola 16,900. Mpango wa malipo ulipoidhinishwa Oktoba 2024, bitcoin ilikuwa imepita dola 60,000. Mtu aliambiwa amelipwa yote na zaidi kwa dola, lakini kwa sarafu yenyewe hapati hata nusu ya aliyokuwa nayo. Kuchagua tarehe ni kuchagua nani anaumia.

7/ Na ushahidi? Hapa ndipo mnyonge anaangukia. Skrinshoti inatengenezwa kwa dakika mbili, kwa hivyo peke yake haitoshi. Rekodi ya blokucheni ni ngumu kughushi, lakini inaonyesha anwani ya pochi, haionyeshi jina. Na shangazi hakuwa na pochi. Alikuwa na nambari ya ejenti.

8/ Lakini ana taarifa ya M-Pesa: tarehe, kiasi, nambari iliyopokea. Mia wengine wakileta taarifa zenye nambari ile ile, ushahidi unajijenga. Mfumo wa haki ungeanzia hapo, upokee pia jumbe za WhatsApp na kiapo, halafu ulinganishe na rekodi za tapeli mwenyewe. Ukidai pochi na barua ya wakili, utalipa wenye wakili.

9/ Mchujo nao usiwe jela. Kesi ya Mt. Gox ya Japani ilianza 2014, na wadai wakaanza kurudishiwa bitcoin Julai 2024. Miaka kumi! Kwa mwenye deni la karo, hiyo ni sawa na kukataliwa.

10/ Halafu, nani analipa? Kwa kesi ya BitConnect, mahakama ya Marekani mwaka 2023 iliamuru dola milioni 17 ziende kwa waathiriwa kama 800 wa zaidi ya nchi 40, kutoka kwa mali iliyokamatwa. Mali ya tapeli, si kodi. Hapa kwetu KDIC hulinda amana za benki hadi 500,000. Kripto haimo. Na sheria yetu ya 2025 ya watoa huduma za mali za kidijitali inaleta leseni. Leseni si fidia.

11/ Tuseme basi kilichokamatwa ni asilimia 20 ya hasara halisi. Shangazi anapata 12,000. Inauma, lakini ni ya kweli. Ahadi ya 700,000 ni utapeli wa pili.

12/ Na wa tatu unakuja nyuma yake: "Lipa 3,000 tushughulikie dai lako." Shangazi amepigiwa simu hiyo mara mbili. Usilipe mtu ili ulipwe!

13/ Kwa hivyo ukisikia "tutawalipa wote", muulize: kwa hesabu gani, bei ya siku gani, ushahidi upi, pesa ya nani, na ndani ya muda gani? Akijibu mawili tu, piga makofi mawili.