Kuta za Bezeklik

Leo safari yetu ni ya bonde la Turfan, magharibi ya China, pembezoni mwa jangwa la Taklamakan. Misafara ya hariri ilipita huko karne nyingi, na watawa wa Kibuddha wakachimba mapango ya ibada kwenye majabali. Biashara ikahamia baharini, miji ikahamwa, mchanga ukafunika.

Mwaka 1905 akafika kwenye mapango ya Bezeklik, katika bonde hilo, Mjerumani mmoja, Albert von Le Coq, ametumwa na jumba la makumbusho la Berlin. Alifuatana na Theodor Bartus, baharia wa zamani, fundi wa kila kazi. Hekalu moja lilikuwa limejaa mchanga. Von Le Coq alipoukwea, mchanga ukaporomoka, na ukutani zikatokeza picha kubwa za Buddha, rangi zake mbichi kana kwamba mchoraji ameondoka jana.

Sasa sikiliza walivyozitoa. Picha zilichorwa juu ya udongo uliokandwa na samadi ya ngamia na majani makavu. Walikata ukingo kwa kisu kikali, wakatoboa ukuta kwa sururu, wakapitisha msumeno nyuma ya picha. Wengine walishikilia ubao mbele yake, kisha wakaulaza taratibu pamoja na picha. Zilizokuwa kubwa mno walizikata vipande, kisu kikizunguka ili kisipite usoni mwa mtu. Wakazifungasha kwa mabua na pamba, zikaanza safari ndefu ya Berlin.

Von Le Coq alijitetea kwamba anaziokoa. Wakulima wa pale walikuwa wakibandua michoro na kuitia shambani kama mbolea, na matetemeko ya ardhi yalikuwa yakibomoa mahekalu. Hayo ni kweli, siyakatai. Lakini mtu akikutolea vyombo nyumba ikiungua, hutegemei kuviona kwake sebuleni. Sisi Watanzania pia tunaijua Berlin hiyo: kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi walibeba mabegani mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, na hadi leo iko huko.

Kwenye jumba lile la makumbusho lililomtuma von Le Coq, picha kubwa kuliko zote zilikazwa ukutani kwa saruji na chuma. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, vitu vidogo vilifichwa mahali salama; hizo hazikubanduka. Mabomu yakaliangukia jumba hilo mara kadhaa kuanzia mwaka 1943. Picha kubwa 28 ziliteketea, za Bezeklik zikiwamo.

Leo sura zake tunazijua kwa kurasa za rangi za kitabu alichokichapisha von Le Coq mwaka 1913. Na anayeingia mapango ya Bezeklik hukuta kuta nyingi tupu za udongo, na juu yake alama za kisu.