Zakayo na Jiwe la Mpaka

Dominika ya 31 ya Mwaka C (Lk 19:1-10)



Wapendwa taifa la Mungu, ndugu wasikilizaji mlio majumbani na hospitalini, nanyi mliokusanyika katika vigango ambavyo leo havikupata padre: Injili ya dominika hii twaijua tangu utoto wetu. Watoto wetu huiigiza, na daima hupatikana mtoto mfupi wa kupandishwa juu ya kiti, kiti hicho kikiwa ndio mkuyu. Ndiyo maana wengi wetu tukiulizwa habari za Zakayo hukumbuka kimo chake na mti wake, kisha basi. Lakini Mwinjili Luka hakuiandika habari hii kwa ajili ya mti. Kiini chake kimo katika aya ya nane, pale Zakayo anaposimama mbele ya Bwana, nyumbani mwake mwenyewe, na kutamka hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, malipo mara nne.

Tuitazame hesabu hiyo kwa makini. Watoza ushuru wa zama zile walijipatia faida kwa kudai zaidi ya kiwango kilichowekwa; ndiyo sababu Yohane Mbatizaji, walipomwendea ili wabatizwe, aliwaagiza wasizidishe. Zakayo alikuwa mkubwa wao pale Yeriko. Sasa, Torati ilikuwa na utaratibu wake kwa mtu anayeungama dhuluma: kadiri ya Mambo ya Walawi sura ya 6 na Hesabu sura ya 5, arudishe kitu chenyewe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Adhabu ya mara nne imo katika Kitabu cha Kutoka sura ya 22, nayo ilimhusu mwizi wa kondoo ambaye amekwisha kumchinja au kumuuza. Zakayo basi angeweza kuchagua hesabu nyepesi, na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua ile ya mwizi wa kondoo. Alijiweka mwenyewe katika fungu lake.

Na tuangalie pia utaratibu wa mambo. Yesu hakumwambia: rudisha kwanza, kisha nitakuja kwako. Aliingia nyumbani kwanza, watu wakanung'unika, na kurudisha kukafuata. Neema ilitangulia. Lakini neema hiyo haikuishia kwenye karamu. Ilifika hadi kwenye mfuko wa fedha na majina ya watu waliodhulumiwa.

Ndugu wapendwa, kama Zakayo angeishi leo hapa kwetu Miyuji, au Msalato, au kokote pembezoni mwa Dodoma, tungemtafuta katika biashara gani? Pengine si kwenye ushuru. Sisi tunadhani tungemkuta kwenye viwanja.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda polepole, na mashamba mengi ya uwele na karanga yakabaki mashamba. Kisha mwaka 2016 Serikali ikatangaza kwamba inahamia kwa dhati. Mwaka 2017 Mamlaka ile ikavunjwa. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Shamba ambalo jana lilitenganishwa na la jirani kwa mstari wa minyaa, leo limekuwa viwanja vyenye bikoni. Hilo lenyewe si ovu. Mji kukua ni baraka, na wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa ardhi yao. Lakini pale ardhi inapopanda bei, mioyo nayo hujaribiwa, na majaribu hayo hayawachagui wapagani peke yao. Yanawafikia waliobatizwa, wanakwaya, wajumbe wa halmashauri ya walei.

Tunayasikia wapi? Si lazima tuyasikie kitubioni. Yanasemwa hadharani misibani na kwenye jumuiya ndogondogo. Baba amefariki, na kabla arobaini haijafika ndugu zake wamekwisha kuuza shamba, mjane hakuulizwa. Kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wawili, kila mmoja ana karatasi yenye mashahidi. Bikoni imehama usiku hatua tatu, na asubuhi kila mtu anasema ndipo ilipokuwa siku zote. Kijana amemletea bibi yake, asiyejua kusoma, karatasi ya kuweka dole gumba akimwambia ni ya msaada.

Mambo haya Maandiko Matakatifu hayakuyanyamazia. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani, na sura ya 27 inamtangazia laana afanyaye hivyo, ikimweka karibu kabisa na yule anayempotosha kipofu njiani. Kitabu cha Methali kinaongeza jambo la kutisha: anayeingilia shamba la yatima ajue kwamba yatima huyo anaye Mtetezi mwenye nguvu. Nabii Mika anawataja wanaolala kitandani wakipanga, na kukipambazuka wanatwaa mashamba kwa kuwa tu wanao uwezo.

Lakini kisa tunachopenda kila katekista wa Dodoma akijue vema ni kile cha Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Sisi tunaoiona mizabibu ya Bihawana, Hombolo na Makutupora tunaelewa kuliko wengi kwa nini Nabothi hakutaka kubadilishana. Mzabibu si mchicha. Unaupanda, unauegemeza, unaupogoa, unangoja. Ukishakubali unakupa mavuno miaka na miaka. Shamba la mizabibu ni jasho la baba lililobaki ardhini. Mfalme Ahabu alitaka pafanywe bustani ya mboga! Nabothi alipokataa kuutoa urithi wa baba zake, Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, wazee wa mji wakazitii, mashahidi wawili wakapatikana, na Nabothi akapigwa mawe. Ndugu zangu, tazameni: karatasi zote zilikuwa sawasawa. Muhuri ulikuwapo. Mashahidi walitimia idadi ambayo sheria ilitaka. Na bado Eliya alitumwa kwenda kumkuta Ahabu palepale, ndani ya lile shamba, akimwita mwuaji na mnyang'anyi.

Basi asiwepo Mkristo anayejifariji kwamba muhuri wa ofisi umelisafisha shamba la yatima.

Tena kuna faraja nyingine ya uongo, ile ya muda. Sheria ya nchi yetu inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani. Ikipita, madai yake yanaweza kukataliwa kwa kuchelewa. Sheria ina sababu zake, kwani kesi lazima ziwe na mwisho. Lakini dhamiri haihesabu hivyo. Aliyetwaa kwa hila shamba la mdogo wake mwaka 2005 hawezi kumwambia Mungu kwamba mwaka 2017 lilikoma kuwa la wizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2412, inafundisha kwamba haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Na kama kitu chenyewe hakipo tena, thamani yake irudishwe, pamoja na faida ambayo mwenyewe angeipata kwa halali.

Hapo ndipo watu wengi hutuuliza: Padre, mwenyewe amekwisha kufa, nifanyeje? Wape warithi wake. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika Hesabu sura ya 5. Nimelijengea nyumba, siwezi kuibomoa. Basi nenda na mtu mwaminifu, thaminini kiwanja kwa bei ya leo, si ya siku ile ulipokitwaa, kisha kaeni mpatane kulipa hata kwa awamu. Sina uwezo wowote. Anza na kidogo, na umwambie mwenyewe ukweli. Mara nyingi aliyedhulumiwa amengoja neno hilo kuliko fedha. Na yule aliyenunua kwa nia njema, akaja kugundua kwamba aliuziwa mali ya wizi? Huyo si mwizi, ni mtu aliyeumizwa naye. Lakini akishaujua ukweli, asiuze haraka kwa mtu wa tatu ili mzigo umwangukie mwingine.

Wapo pia wanaotaka kumaliza jambo kwa njia ya sadaka: kiwanja cha dhuluma kimeuzwa, sehemu ya kumi inaletwa kanisani, mabati yananunuliwa. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anaifananisha sadaka itokayo katika mali ya maskini na kumwua mtoto mbele ya macho ya baba yake. Nasi tulio wachungaji yatupasa kuuliza bahasha nene imetoka wapi kabla ya kuipigia makofi.

Sasa tuseme neno juu ya kutenda vema, kwa maana Maandiko hayakataz tu. Abrahamu alipofiwa na Sara kule Hebroni, Efroni Mhiti alimpa pango la Makpela bure kwa maneno, mbele ya watu. Abrahamu hakukubali. Aliuliza bei, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya wote walioketi langoni pa mji, na Kitabu cha Mwanzo kinaorodhesha shamba, pango na miti iliyokuwa mipakani. Yeremia naye alinunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17: akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akaacha nakala iliyo wazi, na zote zikawekwa katika chombo cha udongo zidumu. Hawa walikuwa watu wa imani kuu, nao hawakuona kwamba kuandikiana ni kukosa imani. Wanunuzi na wauzaji, fanyeni mchana, mkiwa na majirani wa pande zote, viongozi wa mtaa, na mke au mume akiwa ameketi palepale. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Na juu ya wanawake: binti watano wa Selofehadi, yaani Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume. Musa alilipeleka shauri lao mbele ya Bwana, naye Bwana akasema wana haki. Hiyo imo katika Hesabu sura ya 27. Sheria za ardhi za nchi yetu za mwaka 1999 nazo zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Anayemwambia dada yake kwamba mila haimruhusu kurithi, akumbuke ni nani aliyewajibu wale binti watano.

Mkishindwa kuelewana nyumbani, jumuiya isaidie kabla ugomvi haujafika mahakamani. Lipo pia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Lakini mpatanishi asiwe mtu aliyenunua sehemu ya shamba hilohilo. Yamekwisha kutokea, na watu wakapoteza imani na wapatanishi wote.

Tunawaomba makatekista jambo moja. Mvua zetu huanza kwenye Desemba, na hivi sasa watu wanasafisha mashamba. Wiki hii, katika jumuiya, someni Injili ya Zakayo pamoja na Hesabu sura ya 27. Kisha, penye wajane na yatima wenye mashamba, nendeni pamoja nao, mkiwachukua wazee wanaoijua mipaka ya zamani, mkaizunguke ardhi yao kwa miguu. Palipo na jiwe lililohama, lirudishwe siku hiyohiyo, kwa sala fupi na bila matusi, na jirani aliyekubali kulirudisha apewe mkono na wote waliopo.